Kusuka Vikapu Hakutalimaliza Gugumaji la Winam

Juma lililopita nilialikwa kuzungumza na kikundi cha akina mama na vijana katika mwalo mmoja wa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, na kabla sijakaa vizuri kijana mmoja alisimama akaniuliza: "Mzee, kwa nini tusipewe tu mafunzo ya ususi na mitambo ya bayogesi, gugumaji likawa mali, likaisha lenyewe?" Swali hilo nimeulizwa na wanafunzi, wawakilishi wa wadi na wafadhili kwa zaidi ya miaka ishirini ya kazi yangu ya kudhibiti magugu ya majini, hasa gugumaji, mmea unaoelea na kufunika ziwa kama zulia. Siku ile nilijibu kwa haraka na kwa ukali kidogo, kwa hiyo hapa nalijibu kama inavyostahili.

Kwanza ni hesabu. Mmea mbichi wa gugumaji ni maji kwa asilimia 90 hadi 95. Zulia lililofungamana vizuri huweza kuwa na tani 300 za majani mabichi katika hekta moja, na ukilianika lote unabaki na tani 15 hadi 30 tu. Mwaka 1998 eneo lililofunikwa upande wa Kenya lilikadiriwa kufika takriban hekta 17,000. Kwa kiwango hicho, ni tani zaidi ya milioni 5. Lori la tani 10 linalopeleka gugumaji bichi kiwandani linabeba tani tisa au zaidi za maji ya ziwa, na mafuta ya lori yanalipiwa kwa tani zote kumi. Wakati huo huo, penye virutubisho vingi, zulia huongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi.

Lakini hesabu si jambo linalonikera zaidi. Linalonikera ni dhana kwamba msusi na mdhibiti wanataka kitu kimoja. Msusi hahitaji gugumaji lote. Anahitaji vikonyo vya majani, tena virefu, vinyoofu na visivyo na makovu, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokauka vizuri na kusokoteka bila kukatika. Vikonyo vya namna hiyo hupatikana katikati ya zulia zito, mahali mimea inaposongamana na kurefuka ikigombea mwanga, kwenye maji yaliyojaa mbolea na maji taka. Pembezoni, au pale mimea ilipotawanyika, vikonyo huwa vifupi na vimevimba kama vibuyu, na msusi huviacha. Mizizi, majani na shina vyote huviacha pia. Basi ususi uliofanikiwa huhitaji zulia zito, lenye afya, karibu na ufuo, mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo zulia ninalolipwa kulipunguza.

Hapo ndipo fukusi, wadudu walioachiliwa ili wale gugumaji, wanapoingia. Aina mbili, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, ambazo asili yake ni ile ya gugumaji lenyewe, Amerika ya Kusini, ziliachiliwa Uganda mwaka 1995 na Kenya mapema mwaka 1997. Fukusi mpevu hukwangua jani na kuliachia makovu. Kiluwiluwi wake hutoboa kikonyo hadi kwenye kitovu cha mmea. Bundo, yaani hatua kati ya kiluwiluwi na mdudu mpevu, hujishikiza kwenye mizizi chini ya maji. Mmea ulioshambuliwa hudumaa, vikonyo hufupika, mwishowe hulowa na kuzama. Kwa msusi, mmea huo ni takataka. Kwangu mimi ni hazina, kwa sababu ndio unaobeba kizazi kijacho cha fukusi. Mashine ya kuvuna ikipita na kuzoa kila kitu, huzoa fukusi, viluwiluwi na mabundo pamoja na mimea, kisha mwanga hufika kwenye tope ambako mbegu zimelala, na mbegu hizo huweza kuishi miaka 15 au zaidi. Mimea michanga inayochipuka haina adui. Ndiyo maana husisitiza, na mara nyingi sisikilizwi, kwamba kila mavuno makubwa yaache vipande vya zulia vyenye fukusi.

Nakiri jambo moja ambalo vitabu vya mafunzo hulipita. Zulia la mwaka 1998 lilianguka ndani ya muda mfupi, na wengi huandika kwamba fukusi walishinda. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mawingu mengi na mawimbi, na wapo wanaoamini kwamba hali ya hewa ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi. Mimi huamini kwamba fukusi waliudhoofisha mmea na mawimbi yakauvunja, lakini imani hiyo ilitikisika baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, gugumaji liliporudi kwa kishindo huku fukusi wakiwa bado wamo ziwani.

Kuhusu matumizi mengine nitasema machache. Kwa ng'ombe, ni kumjaza tumbo maji. Kwa bayogesi linafaa likikatwakatwa na kuchanganywa na samadi, vinginevyo huelea juu ya mtambo na kufanya utando. Mboji ndiyo ninayoiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu gugumaji hufyonza naitrojeni na fosforasi zilizoletwa na mito ya Nyando na Sondu-Miriu na majitaka ya miji. Kulipeleka shambani ni kuziondoa kweli ziwani. Lakini liondoke ufuoni! Nimeona marundo yaliyovunwa kwa gharama kubwa yakiachwa hatua chache kutoka majini, yakaoza, na mvua ya kwanza ikarudisha kila kitu kilikotoka.

Na tafadhali, mafunjo si gugumaji. Ni mmea wa asili, huchuja maji na kuhifadhi mazalia ya samaki. Asiyakate mtu kwa kisingizio cha usafi.

Kikundi kile niliwaambia wasuke, kwa kuwa vikapu vyao ni vizuri na vinalipia karo za watoto. Niliwaomba tu wasiombe fedha za kusafisha ziwa kwa ajili ya ususi, kwa maana upepo wa mchana unaweza kuleta gugumaji kwenye mwalo wao, kwa siku moja, zaidi ya wanachosuka kwa mwaka. Kisha nikatazama bajeti yao. Wavunaji husimama ndani ya maji hadi magotini, katikati ya mizizi inayohifadhi konokono wa kichocho. Kulikuwa na fungu la rangi na la cherehani, lakini la gambuti na la kupima kichocho halikuwamo, na sikuondoka hadi katibu alipoyaandika.