Chura wa maporomoko mwenye jina la Kiswahili

Majina ya kisayansi ya vyura wetu yamejaa Kilatini, Kigiriki na kumbukumbu za Wazungu wa zamani, hata mwanafunzi anapokutana kwa mara ya kwanza na jina Arthroleptides yakusini hudhani amesoma vibaya. Hajakosea. Alan Channing, David Moyer na Kim Howell walipoieleza spishi hiyo mwaka 2002, walichukua maneno ya Kiswahili "ya kusini" wakayaunganisha. Ukiuliza kusini mwa wapi, jibu ni kusini mwa Usambara, na jibu hilo ndilo lililobadilisha ramani nzima ya vyura hawa.

Spishi ya kwanza ya jenasi hii (kundi la spishi zenye undugu wa karibu, linalotajwa kwa neno la kwanza la jina), Arthroleptides martiensseni, ilielezwa na Mjerumani Fritz Nieden mwaka 1911, kutokana na vielelezo vya Usambara. Kwa takriban miaka 90 iliyofuata, chura yeyote wa maporomoko aliyeokotwa katika milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania aliandikwa kwa jina hilo moja, awe ametoka Amani, Uluguru au Udzungwa. Kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa kwa macho wanafanana sana: wana rangi ya mwamba uliolowa, miguu mirefu yenye nguvu, na ncha za vidole zilizopanuka ili kushika jiwe linaloteleza. Ukimmulika kwa tochi usiku huwa ametulia kando ya maji yanayoanguka. Ukisogea hatua moja zaidi, ameshajitosa.

Kinachonivutia zaidi ni kiluwiluwi wake. Wengi wetu tumezoea viluwiluwi wa dimbwini, wanene na wazito, lakini huyu huishi juu ya mwamba wenyewe, mahali palipofunikwa na utando mwembamba tu wa maji, akijikwangulia mwani. Mkia wake ni mrefu, na miguu ya nyuma humchomoza mapema, hivyo akishtuliwa huruka juu ya jiwe kana kwamba amekwisha kuwa chura. Maisha ya namna hiyo yanahitaji mwamba usiokauka, na mwamba usiokauka unahitaji msitu unaohifadhi maji ya kijito. Baina ya Usambara na milima ya Morogoro kuna nyika kavu, ambayo kwa kiumbe wa aina hii ni kizuizi kikubwa kuliko bahari ndogo. Sishangai basi kwamba pande hizo mbili zina spishi tofauti; ninachoshangaa ni kwamba tulichukua muda mrefu hivyo kulitambua. Leo martiensseni amebaki kuwa chura wa Usambara, ilhali yakusini ni wa Uluguru, Udzungwa na milima mingine ya upande huo.

Kuhusu jenasi, msomaji ajihadhari. Mwaka 2005 uchunguzi wa Elizabeth Scott uliiingiza Arthroleptides ndani ya Petropedetes, jenasi ya vyura wa vijito vya Kamerun na jirani zake, na ndiyo maana maandishi mengi ya miaka iliyofuata yana Petropedetes yakusini. Mwaka 2014 Michael Barej na wenzake, wakitegemea vinasaba pamoja na maumbile, walizitenganisha tena, ingawa zote mbili zimebaki katika familia ya Petropedetidae, pamoja na chura mdogo wa milima ya Bale, Ethiopia, aitwaye Ericabatrachus. Mimi hufuata utenganisho huo.

Kuna ndugu wa tatu, Arthroleptides dutoiti, aliyeelezwa na Arthur Loveridge mwaka 1935 kutoka upande wa Kenya wa Mlima Elgon. Huyu ndiye anayetuzuia kuiita jenasi hii mali ya Tao la Mashariki peke yake, kwa sababu Elgon ni volkano iliyo mbali sana na safu hiyo. Hajaonekana tangu mwaka 1962.

Kwa anayepekua daftari za kale za vielelezo vya vyura, kanuni yangu ni hii: penye martiensseni, tazama kwanza mahali, kisha mwaka. Rekodi ya Uluguru ya kabla ya 2002 isomwe kuwa yakusini, hata kama lebo iliyo kwenye chupa haijabadilishwa.