Kwa nini ulichokisoma mara tano kinakukimbia kwenye mtihani?

Nilikuwa mtu wa kupaka mistari ya daftari kwa kalamu ya njano. Kabla ya mtihani napitia daftari mara nne, mara tano, mpaka nikisoma aya ya kwanza, ya pili naijua kabla sijaifikia. Nalala nimeridhika. Asubuhi linakuja swali: nakumbuka jibu lilikuwa ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro, na ile njano naiona kabisa. Maneno ndiyo hayapo.

Niliamini kudurusu ni kujaza, na mtihani ni kupima kilichojaa. Ni imani tamu, maana inajithibitisha yenyewe: usomaji wa tano kweli ni mwepesi kuliko wa kwanza. Ila wepesi huo ni wa kutambua kilicho mbele ya macho. Kukitoa kichwani wakati hakipo ni kazi nyingine, na ubongo haukuambii ni ipi kati ya hizo mbili umeiweza.

Mchukue abiria anayepita njia moja kila siku. Kila kona anasema "hapa napajua", wala hadanganyi. Sasa mpe usukani. Kwenye njia panda ya kwanza anasita, kwa sababu kona zote zile hakuzichagua yeye, zilimjia tu dirishani. Aliyeendesha mara tatu, akapotea mara moja na kugeuza, atafika. Kukumbuka bila kuangalia ndiko kushika usukani: kila ukilitafuta jambo kichwani ukalipata, kulifikia tena kunakuwa rahisi.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala fupi wasome. Kisha wengine waliisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuiangalia, wala hawakusahihishiwa. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 81 ya yaliyomo, wenzao 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma 42, wenzao 56. Ninachokipenda zaidi ni jaribio lao la pili. Waliosoma tu, tena na tena, ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka.

Hao walikuwa vijana wa chuo na makala fupi, tusiwapakie mzigo wote. Mtoto mdogo akiambiwa "andika unachokumbuka" huweza kubaki anatazama karatasi. Yeye humfaa swali au dokezo. Anayeanza hesabu za hatua nyingi hufaidika kwanza na mifano iliyokwisha kutatuliwa. Na ukijipima ukatoka mtupu, kisha usifungue kitabu, hujavuna kitu.

Siku hizi nafunga daftari na kuchukua karatasi tupu. Mistari mitatu inatoka haraka, wa nne unagoma. Nakaa nao kidogo. Nafungua, naona nilichoruka, nafunga, na karatasi nyingine naiacha mpaka keshokutwa, nikishaanza kusahau.