Uwanja wa ndege ukipanuka, msitu wa jirani unaumia vipi?

Watu wengi wakisikia uwanja wa ndege unapanuliwa wanawaza greda, yaani kama ramani haijagusa msitu basi mambo poa. Sie wa uhifadhi hapo ndo tunapopata kazi ya kuelewesha.

Chukulia Hatfield Forest kule Essex, Uingereza. Msitu wa wafalme kuwindia kulungu tangu enzi za Henry I, mwanzoni mwa miaka ya 1100, hekta 400 na kitu, na bado una miti mikongwe iliyokuwa ikikatwa kichwa ili machipukizi yaote juu ng'ombe wasiyafikie. National Trust, shirika la uhifadhi la kule, walikabidhiwa mwaka 1924. Jirani yake ni Stansted, uwanja wa ndege uliojengwa na wanajeshi wa Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia.

Sasa cheki mchezo wenyewe: njia ya kurukia ni ile ile moja, mpango wa kuongeza ya pili uliachwa 2010, ila kibali cha idadi ya abiria kimepanda tu, milioni 25 kwa mwaka (2003), ikaja 35 (2008), ikaja 43 (2021), na hiyo ya 43 halmashauri ya eneo hilo, Uttlesford, ilishaikataa Januari 2020, wenye uwanja wakakata rufaa wakashinda. Upanuzi siku hizi ni namba kwenye karatasi, ndo maana wengi unawapita.

Abiria wakiongezeka, ndege na magari yanaongezeka, na moshi wa injini una gesi za naitrojeni ambazo zikitua msituni zinakuwa kama mbolea ambayo hakuna aliyeiomba, mimea ya kuwasha (nettle) na majani vinashamiri, ila vile viumbe vya kijivu vinavyoota kwenye magome (lichen) vinakufa na kuvu wa kwenye mizizi wanaosaidia miti wanapungua. Mti wa miaka mia kadhaa hauangushwi na hilo kwa siku moja, unadhoofika taratibu, na huwezi kupanda mwingine wa umri ule. Kelele nazo ni shida, japo binafsi naona tunazipigia debe sana tukaisahau hewa.

Kwa hiyo maombi ya kibali yakitangazwa, andika maoni halmashauri, kule Uingereza mtu yeyote anaruhusiwa. "Naupenda msitu huu" haitoshi. Dai hewa ipimwe ndani ya msitu wenyewe na sio getini kwa uwanja, dai kikomo cha safari za usiku kiwe sharti la kibali, na usichelewe maana muda wa maoni huwa ni wiki chache tu.