“Gari ya Zamani Lazima Inywe Maji” na Uongo Mwingine wa Gereji

“Bosi, hii gari ya zamani, lazima inywe maji.” Fundi wangu alinijibu hivyo huku akifuta mikono kwa kipande cha fulana, nami nikamwamini miezi mitatu. Corolla yangu ya mwaka 1998 ilikuwa inamaliza nusu chupa ya maji kila wiki, na chini yake sikuona hata tone. Nikawa natembea na dumu la lita tano kwenye buti kama mtu anayefuga ng'ombe.

Hakuna gari linalokunywa maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa: maji yakipata moto hutanuka na kusogea kwenye kopo la akiba, yakipoa hunyonywa kurudi kwenye rejeta. Kama unaongeza kila wiki, kuna mahali yanatokea.

“Chini pakavu, kwa hiyo halivuji”

Hii ndiyo iliyonichelewesha zaidi. Angalia kifuniko cha rejeta, utakuta kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha ambayo kifuniko kinaizuia humo ndani. Gari likiwa limepoa presha haipo, na ufa mwembamba unabana kabisa. Ukiwa barabarani presha inapanda, ufa unaachia, maji yanatoka kidogo kidogo na kukaukia kwenye chuma cha moto kabla hayajafika chini. Ukiegesha na kuchungulia, pakavu.

Fundi wa pili hakubishana nami. Alisubiri injini ipoe, akafunga pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, akapampu hadi 0.9 bila kuzidisha, kisha akaenda zake kunywa chai. Aliporudi sindano ilikuwa imeshuka. Akamulika tochi kwenye pembe ya juu ya rejeta, pale plastiki inapokutana na alumini, na hapo tukaona chozi limening'inia. Pembeni yake palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, kama chumvi iliyokauka. Ulikuwepo siku zote, mimi nikidhani vumbi.

Ukoko huo ndio wa kuutafuta. Pitisha macho kwenye klipu za hozipaipu, kisha kwenye tundu dogo lililo chini ya wota pampu. Tundu hilo mtengenezaji kaliacha makusudi, ili sili ya pampu ikichoka maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Nimewahi kuona limezibwa kwa gundi! Kama zulia la miguuni limelowa na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye harufu tamu, basi kinachovuja ni kirejeta cha hita ndani ya dashibodi, na hapo jiandae, maana mara nyingi dashibodi nzima inashuka. Ila maji yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka ukiwa umewasha AC ni unyevu wa hewa tu. Watu wamefunguliwa rejeta kwa sababu ya hayo.

“Weka bizari, itaziba”

Kuziba inaziba, kwa siku kadhaa. Tatizo ni kwamba bizari haijui kutofautisha ufa na mirija myembamba ya rejeta, inaziba vyote. Hata yai ni hivyo hivyo. Ukiwa umekwama porini usiku sitakulaumu, lakini hiyo si tiba. Rejeta za zamani za shaba, kama za Land Rover kuukuu, zinachomelewa vizuri. Ya kwangu ina vichwa vya plastiki, na plastiki haichomelewi kwa namna hiyo. Nilinunua nyingine, na kifuniko kipya, kwa kuwa chenye springi iliyochoka hakishiki presha.

“Kulanti ni ya nchi za baridi”

Kulanti ni kimiminika cha rangi kinachochanganywa na maji ya rejeta, na kuzuia barafu ni kazi yake mojawapo tu. Inakinga alumini na chuma visiliwe na kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Mbeya mjini, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni kama 94. Kifuniko kizima cha 0.9 pekee kinaweza kuyafikisha kwenye nyuzi kama 118 huku pwani. Kwa hiyo ukiwa na kifuniko kibovu na maji ya kisima yenye chumvi, unapanda mlima Kitonga ukiomba Mungu. Rangi yake isikubabaishe, haina kanuni moja kwa watengenezaji wote. Fuata kitabu cha gari.

“Linachemsha? Toa thamostati”

Kwenye injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990 za familia ya A, kama 5A-FE, thamostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, ina sahani ya pili inayofunga njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi: maji mengine yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Umeondoa kifaa ili lipoe, nalo linazidi kuchemsha.

“Geji imeshuka, twende”

Maji yakiisha kabisa, sensa ya joto inabaki kwenye hewa, na sindano inaweza kurudi chini huku hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Sindano ikipanda kisha ikaanguka ghafla, simama, zima. Kifuniko usikiguse hadi hozi ya juu ishikike kwa mkono, na maji ya baridi usimwagie injini ya moto.

Je, kila linalochemsha limekufa hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini? Hapana, ingawa ni bili tamu kwa fundi. Kabla hajafungua, mwambie akuonyeshe dalili: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, oili iliyogeuka maziwa, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, au hozi inayokuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha likiwa baridi.

Mkimwaga kulanti kuukuu, beseni lisiachwe wazi hapo gereji. Ni tamu, mbwa na paka huinywa, na kiasi kidogo tu kinawaua.