Je, Wajua? Antena ya Plastiki ya Mahindi Hunasaje Mawimbi?

Anayesikia kwamba watafiti wanachapisha antena kwa printa ya 3D, wakitumia plastiki inayooza iliyotokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, huelekea kudhani kwamba plastiki hiyo ndiyo inayonasa mawimbi ya redio. Sivyo. Plastiki hiyo, iitwayo PLA kwa kifupi, haipitishi umeme. Katika antena bapa za aina hii, kinachonasa na kurusha mawimbi ni utando wa metali uliobandikwa au kupakwa juu yake, mara nyingi wa shaba au wino wa fedha. Ipo PLA iliyochanganywa na kaboni, ambayo hupitisha umeme kiasi na huchapishika moja kwa moja, lakini ukinzani wake huzidi ule wa shaba mara mamilioni, hivyo sehemu kubwa ya nishati huishia kuwa joto.

Kazi ya plastiki, mbali na kuubeba utando huo, ni kuamua ukubwa wa antena. Antena bapa hufanya kazi vizuri urefu wake unapokaribia nusu ya wimbi, na wimbi hufupika linapopita ndani ya plastiki. Mfikirie mtu anayetembea kwa kufuata mapigo ya ngoma: akitoka barabarani na kuingia kwenye tope la shamba la mpunga, mapigo hubaki yaleyale, ila hatua zake zinakuwa fupi na mwendo unapungua. Mapigo ndiyo masafa, hatua ndiyo urefu wa wimbi, na tope likizidi uzito hatua huzidi kufupika.

Uzito wa tope hilo, yaani nguvu ya kitu kulifupisha wimbi, una namba yake: hewa ni 1, PLA iliyojaa bila nafasi za hewa ni karibu 2.7, na FR-4, yaani bamba la nyuzi za kioo na gundi ya epoksi linalotumika katika saketi nyingi na lisilooza, ni karibu 4.4. Kwa masafa ya 2.45 GHz yanayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth, nusu ya wimbi ni sentimita 6.1 hewani, 3.7 hivi ndani ya PLA na 2.9 ndani ya FR-4. Printa huweka plastiki uzi kwa uzi, na inaweza kuacha vyumba vya hewa katikati. Ukijaza nusu tu, namba ya PLA hushuka chini ya 2. Kwa hiyo kutokana na uzi uleule mmoja, bamba moja linaweza kuwa tope zito upande huu na jepesi upande ule, jambo la kupendeza sana kwa mhandisi. Makadirio hayo yana mipaka, kwa kuwa mwelekeo wa nyuzi na unyevu hubadilisha vipimo.

Neno "inayooza" nalo linahitaji uangalifu. PLA huoza vyema katika mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Kwenye udongo wa kawaida inaweza kukaa miaka. Shaba haiozi kabisa, ingawa katika masafa hayo umeme hupita hasa kwenye ngozi ya shaba yenye unene wa takriban mikromita 1.3, hivyo utando mwembamba sana unatosha. Tofauti na shaba, metali ya magnesi huyeyuka majini: mwaka 2012 mwanasayansi wa Marekani John Rogers na wenzake walionyesha saketi za magnesi na silikoni juu ya hariri zilizotoweka zilipoloweshwa, na hariri iliyozifunika ilisaidia kupanga muda wa kudumu kwake.