Mbege, malwa na kinachoendelea ndani ya chungu

Mjini, pombe ya kienyeji ina sifa mbaya. Husemwa ni chafu, ni ya kizamani, ni ya wasiomudu bei ya chupa. Sisi tunaofundisha sayansi ya chakula tunaiona vingine. Mbege ya Kilimanjaro ni bia kamili: ina nafaka iliyooteshwa, ina chachu, ina kiungo cha uchungu, na ina fundi, aghalabu mwanamke, anayejua saa ya kila hatua bila kipimajoto. Inachotofautiana na bia ya chupa ni kwamba inauzwa ikiwa bado hai. Utamu wake unatokana na hilo, na hatari zake nyingine pia.

Kazi huanza na ndizi. Huvundikwa mpaka ziive na kulegea, mara nyingi darini juu ya jiko, kwenye joto na moshi. Kisha humenywa na kupikwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa au pipa, hadi rangi igeuke nyekundu ya kahawia. Zikipoa huachwa zichache siku kadhaa. Hamira ya dukani haihitajiki, kwa sababu chachu imo tayari kwenye vyombo na kwenye mabaki ya pombe iliyotangulia. Baadaye huongezwa maji na kuchujwa, na kinachotoka ni maji ya ndizi yaliyokwisha kupata kileo.

Pembeni kuna ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi. Hulowekwa, hufunikwa mahali penye unyevu siku mbili tatu mpaka uote, halafu huanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea, na bila kimea dunia isingekuwa na bia. Chachu haiwezi kula wanga, inakula sukari. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga wake kuwa sukari, ili kulisha chipukizi, na mpika pombe huuwahi utajiri huo kabla mmea haujautumia. Kwa mbege, unga wa kimea hupikwa uji, hupozwa, kisha huchanganywa na maji yale ya ndizi. Kesho yake watu wanakunywa.

Uchungu unatoka kwenye gome la msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Sheria maarufu ya bia ya Bavaria ya mwaka 1516 iliruhusu shayiri, maji na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, peke yake. Kazi ya hopsi kule ndiyo kazi ya msesewe kwa Wachagga. Ila msesewe si kiungo cha kutia kwa kukisia. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetupatia reserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu. Wapishi wazoefu hutia kidogo, na wana haki.

Mbege ya leo si mbege ya kesho. Inapochanganywa tu ni tamu kama uji. Kufikia asubuhi kileo kimepanda na utamu umepungua. Ikilala tena, ukali wa asidi unatangulia kila kitu, na wanaoipenda hivyo wapo. Mambo mawili yanakwenda sambamba humo ndani: chachu inageuza sukari kuwa kileo na gesi, na bakteria wa asidi ya laktiki wanaigeuza kuwa uchachu. Wanywaji wa ulanzi wa Iringa na Njombe, unaogemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, wanalijua hilo vizuri: ulanzi mpya na mtamu ni wa kila mtu, ule uliolala huachiwa wenye vichwa vigumu. Uchachu huo una faida. Bakteria wengi wanaoharisha hawastawi kwenye asidi kali, ndiyo maana togwa iliyochacha vizuri, ambayo ni kimea na uji bila kulewesha, imekuwa kinywaji cha watoto kwa vizazi.

Viwanda vilikwenda njia nyingine. Louis Pasteur alichapisha utafiti wake juu ya bia mwaka 1876, akionyesha kwamba bia huharibika kwa sababu ya vijidudu. Mwaka 1883, Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifanikiwa kutenga chachu ya aina moja tu na kuikuza peke yake. Tangu hapo bia ya kiwandani imekuwa na ladha ileile Januari hadi Desemba: chachu moja, baridi, mchujo, joto la kuua vijidudu, kizibo. Bia ya namna hiyo ilianza kutengenezwa Nairobi mwaka 1922 na kampuni iliyokuja kuitwa Kenya Breweries. Shayiri ilitawala kwa miongo mingi. Mtama ulipata heshima yake kiwandani baadaye. Uganda, kwa mfano, Eagle Lager ilitoka mwaka 2002 ikitumia mtama wa aina ya Epuripur, na wakulima wadogo wakapata mnunuzi.

Ukizoea chupa, kilabuni utashangaa kwanza uzito. Mbege haichujwi ikang'aa. Chembe za ulezi zimo, na zinashibisha. Ni ya vuguvugu, kwa sababu baridi ingezuia chachu na kuficha harufu ya ndizi. Hunywewa kwa kata au kibuyu kinachozunguka, na aliyepika huonja mbele ya wageni. Kwenye posa, msiba na tambiko, uchaguzi wa nani apewe kwanza ni lugha kamili ya ukoo, na mgeni asiyeijua ni heri asubiri aambiwe.

Mashariki mwa Uganda na magharibi mwa Kenya, kwa Wateso, watu hukaa kuzunguka chungu kimoja cha malwa, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Maji ya moto huongezwa kila mara, na ulezi uliochacha huendelea kutoa ladha mchana kutwa. Kuushika mrija kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Waluhya nao hunywa busaa, pombe yao ya nafaka, kwa mirija. Kabla ya kuona hayo ni ushamba, kumbuka kwamba mihuri ya Mesopotamia ya zaidi ya miaka 4,000 iliyopita imechongwa watu waliokaa vivyo hivyo, chungu katikati na mirija mdomoni.

Sasa tuje kwenye usalama, na hapa naomba uvumilivu wako, maana hofu nyingi zimeelekezwa pasipo. Uchachu peke yake hauui. Wasiwasi wangu wa kwanza ni nafaka. Kuna tabia ya kupeleka kwenye pombe mahindi yaliyoshika ukungu, yale ambayo mwenye nyumba asingethubutu kuyasongea ugali. Sumu ya ukungu, aflatoksini, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Watafiti waligundua asidi ya bongkreki, sumu ya bakteria waliostawi kwenye unga ulioharibika. Nayo haitoki kwa kupika. Pili ni maji yanayoongezwa mwishoni, pombe ikiwa imepoa. Msimu wa kipindupindu, maji ya kisimani yasiyochemshwa yanaweza kuharibu kazi nzuri ya siku nane.

Gongo na chang'aa ni habari nyingine, kwa sababu hizo zimekenekwa, yaani mvuke wake umekusanywa na kupozwa, na kileo chake hakuna anayekipima. Vifo vya halaiki husababishwa hasa na methanoli, spiriti ya viwandani inayotiwa na wafanyabiashara ili kinywaji "kishike" haraka. Novemba 2000, kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi, kinywaji cha namna hiyo kiliua zaidi ya watu 100 na kupofusha wengine. Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mishipa ya macho. Huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa kuwasha kiberiti.

Dalili zake huchelewa, pengine nusu siku au zaidi: tumbo kuuma, kutapika, kupumua kwa kasi, kuona ukungu mweupe mbele ya macho. Watu huzichukulia kuwa ni uchovu wa ulevi, wakamwacha mgonjwa alale. Asiachwe. Apelekwe hospitali upesi, maana dawa ya kuzuia sumu hiyo ipo na hufanya kazi ikiwahi, na kinywaji kilichobaki kwenye chupa kipelekwe pamoja naye.