Robo ya msimbo si robo ya kazi

Oktoba 2024 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema zaidi ya robo ya msimbo mpya wa kampuni hiyo hutungwa na akili bandia, kisha wahandisi huukagua na kuukubali. Tangu hapo nimesikia mara nyingi mno ikielezwa hivi: robo ya watengeneza programu hawahitajiki tena. Wazazi wenye vijana wanaosomea kompyuta nao wanayarudia maneno hayo kwa hofu.

Msimbo uliotungwa na akili bandia ni maandishi ya programu ambayo mashine imeyapendekeza na mtu akayakubali. Maana yake inaishia hapo.

Kinachosahaulika ni jinsi unavyohesabiwa. Mwaka huohuo watafiti wa Google walieleza kipimo chao: huchukua herufi za mapendekezo yaliyokubaliwa, kisha huzigawa kwa jumla ya herufi hizo na zile zilizochapwa kwa mkono. Herufi! Ukianza mstari na mashine ikaumalizia, sehemu iliyomaliziwa inaandikwa kwa jina la mashine, hata kama mstari wote ulikuwa tayari kichwani mwako. Siku uliyoshinda ukitafuta kwa nini mteja anakatwa pesa mara mbili, ukaja kubadili neno moja tu, karibu haimo kabisa katika hesabu hiyo. Kukaa na mteja hadi mwelewane anachotaka hakumo pia.

Tena, kuandika upesi si kumaliza upesi. Mwaka 2025 METR, taasisi inayopima uwezo wa akili bandia, ilifuatilia watengeneza programu wazoefu 16 katika kazi 246 za miradi waliyoijua vizuri. Walioruhusiwa kutumia zana za akili bandia katika kazi fulani walichukua muda zaidi kwa asilimia 19, ilhali wenyewe waliamini wameokoa asilimia 20. Zana zimebadilika tangu hapo, lakini pengo hilo kati ya hisia na saa linatosha kututia tahadhari.

Hofu yenyewe ina msingi. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakitumia kumbukumbu za ADP, kampuni inayoshughulikia malipo ya mishahara nchini Marekani, walionyesha kwamba ajira za watengeneza programu wa miaka 22 hadi 25 zimeshuka karibu asilimia 20 tangu kilele cha mwishoni mwa 2022. Wenzao wakubwa hawakushuka hivyo. Hili linaniuma, kwa sababu vijikazi anavyopewa anayeanza ndivyo mashine inavyovimudu zaidi, na bila vijikazi hivyo sijui atakomaa wapi.

Ila tazama kilichohesabiwa hapo: watu wanaolipwa. Ndugu yangu, ukitaka kuzungumzia usalama wa ajira, anzia kwenye hesabu ya namna hiyo, uulize wangapi wako kazini na wana umri gani.